Shajara ya mradi: kuchagua mitaa ya njia za baiskeli katikati ya Kampala

Januari, wiki ya pili

Tumekubaliana namna ya kufanya kazi. Tutaandaa pendekezo la mitaa ya katikati ya Kampala ambako njia za baiskeli zilizotengwa zianze kujengwa, kisha kulikabidhi kwa Mamlaka ya Jiji, KCCA, pamoja na ramani na vipimo tulivyochukua wenyewe. Kikundi ni cha watu wanaopanda baiskeli kwa ajili ya kazi: mafundi wawili wa Kisenyi, dada mmoja anayesambaza mikate, mwanafunzi wa mipango miji wa Makerere, mhandisi wa barabara aliyestaafu ambaye sote tunamwita Mzee, na mimi ninayeandika. Mikutano inafanyika kwa Kiswahili. Mmoja wetu katoka Arua, mwingine Busia, mwingine alivuka kutoka Bunia, Kongo, akiwa kijana, na hii ndiyo lugha ambayo hakuna anayebaki nyuma.

Tunachotafuta ni njia yenye kitu kigumu kati ya baiskeli na gari: mawe ya ukingo, nguzo, au njia yenyewe kuinuliwa juu ya lami. Mstari wa rangi peke yake hatuuhesabu. Katikati ya mji wetu mstari wa rangi unakuwa maegesho kabla ya saa tatu asubuhi, na ikifika saa tano mtu ametandaza turubai la nyanya juu yake. Simlaumu mwenye nyanya. Nafasi iliyo wazi mjini lazima ipate mtu wa kuitumia, na kama haikujengwa kwa ajili ya baiskeli, baiskeli haitaipata.

Sera ipo. Uganda ilipitisha sera yake ya usafiri usiotumia injini mwaka 2012, mapema kuliko nchi nyingi za Afrika, nayo inataka wanaotembea kwa miguu na waendesha baiskeli wapangiwe nafasi barabara inapojengwa. Kwa hiyo hatuombi fadhila. Polisi wanaandika vifo zaidi ya 4,000 vya barabarani nchini kwa mwaka, na walio wengi ni waenda kwa miguu na watu wa bodaboda. Waendesha baiskeli ni wachache katika hesabu hiyo kwa sababu, katikati ya mji, watu wengi walishaacha kabisa kuja na baiskeli.

Januari, mwishoni

Tumetandika ramani mezani na kukaa nayo jioni nzima. Kijana wa Makerere alikuja na rangi tatu: nyekundu kwa barabara pana, buluu kwa za kati, kijani kwa nyembamba. Nyekundu zilikuwa zile zile anazozijua kila mtu: Kampala Road, Jinja Road, Entebbe Road, Bombo Road. Kwa upana tu, kazi ingeisha usiku ule ule.

Mzee akachukua kalamu na kuchora mistari ya mwinuko. Mji wetu uko kwenye kimo cha kama mita 1,200 juu ya bahari na haukai tambarare hata kidogo. Nakasero iko upande mmoja, Old Kampala na Namirembe ng'ambo, katikati bonde la Nakivubo na mfereji wake. Kampala Road inapita ubavuni mwa Nakasero, ndiyo maana haina mwinuko mkali. Mitaa inayoikata kuelekea Nakivubo inashuka, na anayeshuka asubuhi lazima apande jioni. Mtu wa baiskeli anaijua ramani hii kwa magoti yake, lakini sikuwahi kuiona imechorwa.

Toka usiku ule swali la upana limeshuka hadi nafasi ya tatu. La kwanza ni mwinuko. La pili ni ukingo wa barabara: nani anasimama pale, anashusha nini, kwa saa ngapi. Mtaa wa mita kumi na mbili wenye malori ya kushusha mzigo kutwa ni mwembamba kuliko mtaa wa mita tisa usio na malori.

Februari, wiki ya kwanza

Tumepima mwinuko kwa mpira wa maji, ule ule wanaotumia waashi kusawazisha msingi. Unajaza maji kwenye mpira mwangavu, mmoja anashika ncha moja pale anapoanzia, mwingine anasogea mita kumi mbele, mnasoma maji yamesimama wapi. Watu walikusanyika kutuangalia. Mama mmoja alitaka kujua kama tunakuja kubomoa vibanda. Fundi wetu alimweleza kwa upole mpaka akatuletea viti.

Mzee anatumia kipimo kimoja: barabara ikipanda mita 5 kwa kila mita 100, mwenye baiskeli yenye mzigo anashuka na kusukuma. Chini ya mita 3 anaweza kuendelea kukanyaga. Tumeigawa mitaa kwa kipimo hicho, na tumegundua kuwa mtaa mmoja unaweza kuwa na sehemu ya kupandwa na sehemu ya kusukuma, tena hatua chache tu kutoka moja hadi nyingine.

Kutokana na hapo limekuja wazo ambalo naliona ni la msingi katika mradi mzima. Anayeshuka mlima anakwenda kasi karibu sawa na magari, na magari ya mjini hayaendi kasi kubwa. Anayepanda anakwenda polepole, anayumba, na kila gari linampita. Mahali pasipokuwa na nafasi ya njia pande zote mbili, nafasi iliyopo apewe anayepanda. Katika mitaa miwili mitatu uamuzi huo unamaliza ubishi wote wa upana.

Februari, katikati

Wiki ya kuhesabu. Tulisimama kwa zamu kwenye makutano, kuanzia giza la alfajiri.

Nilidhani tutaona waendesha baiskeli. Tulichoona zaidi ni wasukuma baiskeli. Saa kumi na moja na nusu, Namirembe Road upande wa soko la Owino, wanaanza kutokea: matoke, magunia ya makaa, makopo ya maziwa, mitungi ya plastiki iliyofungwa ikawa mnara. Ikifika saa mbili wameisha, mitaa imejaa takisi, yaani matatu zetu, na bodaboda, na baiskeli unayoiona ni ya mtu aliyechelewa.

Kijana mmoja alikubali tumpime. Alikuwa na mikungu minne ya matoke: miwili imening'inia, mmoja kila upande wa karia, kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, mmoja umelala juu, na wa nne umefungwa mbele kwenye fremu pale ambapo goti lingepita. Kukanyaga pedeli haiwezekani tena, hata barabara iwe tambarare. Alitembea upande wa kushoto wa baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine umeshika fimbo aliyoifunga wima nyuma ya tandiko ili ipatikane mahali pa kushika. Mwili wote umeinama kuelekea mzigo. Yeye na baiskeli na matoke walichukua karibu mita moja na nusu ya barabara. Takisi ilipopiga honi nyuma yake hakuwa na pa kwenda ila kwenye mtaro, na aliisogeza gurudumu la mbele hadi mdomoni mwa mtaro kabisa, akasimama, akasubiri, akairudisha. Alifanya hivyo mara kadhaa tukimwangalia, bila kulalamika, kama sehemu ya kawaida ya kazi.

Miongozo mingi ya kimataifa inapendekeza angalau mita 2 kwa njia ya mwelekeo mmoja na mita 3 kwa njia ya pande mbili. Mita 2 ukimweka kijana huyu ndani, hakuna anayempita. Dada wa mikate akija nyuma yake itabidi amfuate hadi juu kabisa, au atoke aingie kwenye magari, na akishatoka njia haina kazi tena. Tumeandika kwenye pendekezo: sehemu za kupanda, mita 2.5 zisizopungua, hata kama ni lazima njia iwe upande mmoja tu wa mtaa.

Wanawake wanaoendesha tuliwaona wachache mno. Nikamuuliza dada yetu. Akasema, "Kaka, baiskeli si ngumu. Kigumu ni kila gari kukukaribia kukuonyesha kuwa hapa si pako. Mwanamume anatukana, anaendelea. Mimi nikitukana kesho wananingoja." Nimeliweka hapa kwa maneno yake, na tumekubaliana liingie kwenye pendekezo vilevile.

Machi, mvua zimeanza

Fupi leo. Mvua ya saa moja imetuonyesha kile ambacho ramani haikuonyesha. Maji yanashuka na udongo mwekundu kutoka juu na kuulaza ukingoni, pale pale ambapo njia ya baiskeli ingekaa. Karibu na Clock Tower maji yalijaa tukarudi. Fundi alituonyesha rimu iliyopinda: mfuniko wa mtaro wenye mianya inayofuata mwelekeo wa barabara uliimeza tairi. Mianya ikiwa ya kukata barabara tairi inapita bila shida. Ni kitu kidogo, cha gharama ndogo, na kimevunja watu meno. Kila mtaa tunaoupendekeza utakuwa na orodha ya mifuniko ya kubadilishwa, na njia itainuliwa juu ya usawa wa mtaro ili tope lisiifanye kitanda chake.

Machi, wiki ya tatu

Wiki hii ilikuwa ya wenye maduka, na imenichosha kuliko kuhesabu.

Nasser Road na Nkrumah Road ni mitaa ya wachapaji. Kadi za harusi, kalenda, mabango ya uchaguzi, vitabu vya risiti, vyote vinatoka hapa. Ziko chini kidogo ya Kampala Road, karibu na stesheni ya reli, mwinuko wake ni mpole, na zinaelekea Industrial Area, eneo la viwanda. Kwenye karatasi Nkrumah Road ni mgombea mzuri kabisa. Ila uchapaji ni karatasi, na karatasi ni nzito, inakuja kwa lori, na lori linataka mlango.

Hajji mmoja mwenye stoo ya karatasi alitupokea kwa chai. Nilimsalimu, tukaulizana habari za nyumbani, kisha akaingia moja kwa moja kwenye jambo. "Kijana, mnataka kuninyima mlango. Lori langu lishushe wapi, kichwani mwangu?" Nikamwambia, Hajji, tuonyeshe linashusha wapi sasa. Akatoka nje nasi. Alituonyesha malori matatu yamesimama kwa safu mbili, magari madogo ya wateja yameegeshwa siku nzima mbele ya duka lake na wenyewe wamekwenda zao Kampala Road, na wabeba mizigo wakipita na robota za karatasi mgongoni kati ya bampa na bampa. Hakuwa na mlango hata leo. Tuliposimama pale alianza kuliona mwenyewe, akawa ndiye anayetueleza: gari la mtu limekaa hapa toka asubuhi, hajui hata ni la nani.

Gari lililoegeshwa sambamba na ukingo linachukua upana wa kama mita mbili. Ndio upana wa njia ya baiskeli. Kwa hiyo katika mtaa wa namna hii shindano halisi ni kati ya njia na maegesho ya kutwa ya watu wasionunua kitu hapa. Lori la Hajji halimo kwenye shindano hilo. Tukapendekeza hivi: njia ikae upande wenye milango michache, upande wa pili zitengwe sehemu za kushusha mizigo zenye muda maalumu, na hakuna gari dogo kulala hapo. Hajji alisema atatusikiliza tukirudi na mchoro. Si ndiyo, lakini pia si hapana.

Miji mingine ilishapita hapa. Vancouver, Kanada, ilipojenga njia zilizotengwa katikati ya mji kwenye mitaa ya Dunsmuir na Hornby mwaka 2010, wenye maduka walipiga kelele kweli kweli, na baadhi ya hofu zao zilikuwa na msingi: nafasi za maegesho zilipotea na mtaa ukabadilika. Njia ziko hadi leo. Calgary, nchini humo humo, ilikwenda kwa namna nyingine: mwaka 2015 ilifungua mtandao wa majaribio kwenye mitaa kadhaa ya katikati kwa mpigo mmoja, ikahesabu watu, na Desemba 2016 baraza likapiga kura kuufanya wa kudumu. Sevilla, Hispania, ilijenga takriban kilomita 80 ndani ya muda mfupi kuanzia 2006, na mji uliokuwa na waendesha baiskeli wachache mno ukapata wengi. Ninachokichukua kwao ni kule kuunganisha. Kipande kimoja cha njia kinachoanzia mahali pasipo na maana na kuishia kwenye mzunguko wa magari kitabaki kitupu, na utupu wake utatumiwa kama ushahidi dhidi yetu.

Aprili, mwanzoni

Bodaboda.

Nimeahirisha kuandika juu ya hili kwa sababu ni gumu. Mwanya wowote unaopitisha baiskeli yenye mikungu ya matoke unapitisha pikipiki. Huwezi kujenga mlango wa kijana wa matoke ambao bodaboda haiingii. Nguzo za chuma zinazuia gari, haziwezi kuzuia pikipiki. Matuta yanamwumiza mwenye baiskeli zaidi kuliko mwenye injini. Kwenye Namirembe Road na Luwum Street, ambako KCCA ilichagua ushoroba wa majaribio wa waenda kwa miguu na baiskeli, yeyote akisimama saa kumi na moja jioni ataona bodaboda zinapita kwenye nafasi ya miguu pale foleni inapokaza.

Tulikwenda kwa wenyeviti wa steji, vituo ambako bodaboda husubiri abiria. Mmoja ni mzee wa Busia, nywele zimeshakuwa nyeupe, na yeye alianza kazi hii kwa baiskeli. Biashara ya bodaboda ilizaliwa hivyo, mpakani kule miaka ya 1960, kwa watu kuvusha abiria na mizigo kwenye karia. Alituambia karia yake ilikuwa na mto wa sponji alioushona mkewe. Kisha akasema, "Wanangu, vijana wangu hawaingii kwenye njia yenu kwa ubaya. Wanaingia kwa sababu steji imewekwa kona ambayo huwezi kutoka. Nipeni mahali pa kutokea, nami nitawashika masikio."

Tulikwenda naye kuangalia ile kona. Ni kweli. Pikipiki zimebanwa kati ya takisi zinazopakia na ukingo, na njia pekee iliyo wazi ni ya watembea kwa miguu. Mzee wetu mhandisi alipiga hesabu papo hapo: steji ikisogezwa hatua chache nyuma ya makutano na kupewa kisanduku chake kilichochorwa, pikipiki inaingia barabarani moja kwa moja. Hiyo si kazi ya njia ya baiskeli, lakini bila hiyo njia ya baiskeli haitaishi. Kwa hiyo ramani yetu sasa ina alama za steji, na kila alama ina mwenyekiti wake aliyeketi nasi.

Yule mwenyekiti ameomba awepo tutakapokabidhi pendekezo. Nimefurahi sana.

Aprili, wiki ya tatu

Ubishi wa Kampala Road. Ulikuwa mkali na ulikuwa wa haki.

Kijana wa Makerere anasema njia ya kwanza iwe pale. Ni barabara ya mji, kila mgeni anaipita, mwinuko wake ni mpole, na inaunganisha upande wa Jinja Road na upande wa Bombo Road. Njia ikionekana Kampala Road, nchi nzima imeiona. Dada wa mikate yuko naye: anasema kuwekwa kwenye mitaa ya nyuma ni kuambiwa tena kwamba hapa si pako.

Hoja ya dada imenikaa moyoni na bado inanisumbua. Lakini nimepiga kura kinyume. Watu tuliowahesabu hawaendi Kampala Road. Wanakwenda Owino, Kisenyi, Nakasero sokoni, Industrial Area. Wakipewa njia mahali wasipopita, kwao haijabadilika kitu, na watakaoitumia ni wachache wa mwisho wa wiki. Halafu makutano ya Kampala Road ni makubwa, na makutano ndiko watu wanakoumia. Njia ya pande mbili iliyowekwa upande mmoja wa barabara kubwa ina hatari yake: dereva anayekata kona anaangalia magari yanakotoka, hatarajii baiskeli kutoka upande wa pili. Inahitaji taa zake za baiskeli, na taa zisizowaka ni mbaya kuliko kutokuwa nazo. Kampala Road ije, ila ije baada ya mitaa inayoilisha kuwa hai.

Mzee hakupiga kura. Alisema ameshajenga barabara nyingi kwa ajili ya watu wa kupita, anataka kuona moja kwa ajili ya watu wa kufika.

Ben Kiwanuka Street tumeiacha kabisa. Inapita kando ya Old Taxi Park na takisi zinaikata kuingia na kutoka bila kukoma. Kila mkato ni tundu kwenye njia, na njia yenye matundu mengi hivyo haijatengwa. William Street nayo tumeiacha kwa sababu nyingine: watu wa miguu wameshaijaza, na kinachotakiwa pale ni magari kupunguza mwendo hadi watu wote watumie mtaa pamoja.

Mei, wiki ya kwanza

Industrial Area. Tulitembea na wafanyakazi kutoka Namuwongo, alfajiri, kandokando ya reli. Wanatembea kwa mistari mirefu, viatu vya kazini mkononi, vya matope mguuni. Wachache wana baiskeli, na wengi wa waliozungumza nasi walisema wangenunua kama kungekuwa na mahali pa kupita na mahali pa kuifunga. Hili la pili hatukuwa tumelitilia maanani vya kutosha: baiskeli isiyo na pa kufungwa ni baiskeli iliyoibwa. Limeingia kwenye pendekezo kama sharti kwa kila mtaa.

Huku mitaa ni ya namba, tambarare, mipana kiasi, na malori ni makubwa. Kwa sababu tunaendesha upande wa kushoto, hatari kubwa ni lori linalokata kona ya kushoto. Dereva aliye juu kwenye kibanda chake hamwoni aliye chini ya bega lake la kushoto, na magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, yanakata ndani zaidi. Dereva mmoja alituruhusu tupande tukae kwenye kiti chake huku fundi amesimama na baiskeli pembeni. Sikumwona. Nilijua yupo, namsikia anaongea, na kwenye kioo hayupo. Kwa hiyo huku hatupendekezi nguzo. Tunataka ukingo wa zege, na kwenye kona za malori njia isogezwe ndani mbali na barabara ili baiskeli ivuke mbele ya dereva, anakoweza kuiona.

Mei, mwishoni

Tumefunga orodha.

Ya kwanza ni Namirembe Road na Luwum Street. Ushoroba wa majaribio upo, kwa hiyo tunaomba umalizwe kwa ajili ya baiskeli: upande wa kupanda uwe na mita 2.5, steji zisogezwe kama tulivyochora na wenyeviti, na wachuuzi wapewe mstari wao unaojulikana, nyuma ya njia, badala ya kufukuzwa leo na kurudi kesho. Mama wa viti alisaidia kuchora mstari huo. Ya pili ni Nkrumah Road kupitia eneo la stesheni hadi Industrial Area. Ya tatu ni Bombo Road kuelekea Wandegeya, na kwa kuanzia tunaomba sehemu zake za kupanda tu, kwa ajili ya wanafunzi na wauzaji wanaokwenda Makerere.

Tumesisitiza zijengwe pamoja. Zikijengwa moja moja kwa miaka tofauti, tutakuwa na vipande.

Dada wa mikate ameomba Kampala Road iandikwe kama hatua ya pili kwa jina lake, yaani itajwe na isiachwe kwa "baadaye". Imeandikwa.

Juni, wiki ya kwanza

Barua ya kuomba kufanya jaribio la Jumapili moja kwenye kipande cha Nkrumah Road imepelekwa, nakala kwa polisi wa trafiki. Tutatenga njia kwa madramu yaliyojazwa mchanga na kamba, ili wenye maduka waione kwa ukubwa wake halisi kabla ya mtu yeyote kumwaga zege. Madramu tunayo, yanahitaji kupakwa rangi nyeupe. Mafundi wataleta baiskeli za mzigo na kijana wa matoke ameahidi kuja na mikungu yake kamili. Mwenyekiti wa steji ataleta vijana wa kuelekeza. Hajji ametupa sehemu ya stoo yake kuwekea madramu, kwa sharti kwamba lori lake liwe la kwanza kushusha mzigo upande wa pili siku hiyo, mbele ya watu, ajionee kama linatosha. Mzee atakuwa na tepu ya kupimia. Ofisini wametuambia jibu la barua litatoka ndani ya mwezi huu, nami ndiye ninayefuatilia, kila Jumanne na Ijumaa.